Haibridi kuukuu: nani anafaidika Hanang na Mbulu?

Baada ya mauzo ya vitunguu saumu Mbulu na ngano Hanang, fedha za wafanyabiashara hutafuta pa kwenda. Nyingine huingia kwenye mbegu na mifugo, nyingine kwenye ada za shule, na nyingine huishia kwenye gari. Miongoni mwa magari yanayovutia macho ya wanunuzi ni haibridi kuukuu kutoka Japani, yaani magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, kama vile Toyota Prius na Toyota Aqua. Sifa yake kubwa sokoni ni moja: halinywi mafuta.

Sifa hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, ukweli wa sifa ni jambo moja na faida ya mnunuzi ni jambo lingine. Hesabu inaonyesha kwamba gari lile lile linaweza kumwokolea mfanyabiashara wa Katesh zaidi ya shilingi milioni mbili za petroli kwa mwaka, na likamtia hasara mwenzake wa Haydom kabla masika hayajakwisha. Tofauti hiyo haitokani na bahati. Inatokana na mambo manne: barabara, kilomita, gari linaloachwa, na hali ya betri.

LINAVYOFANYA KAZI

Haibridi ya Toyota ina injini ya petroli, mota za umeme, na betri kubwa iliyo kando na ile ndogo ya volti 12 inayojulikana na kila fundi. Gari likiondoka taratibu, mota ya umeme hulisukuma. Likihitaji nguvu zaidi, injini huwaka na kusaidiana na mota. Dereva akikanyaga breki au akiteremka mlima, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Gari likisimama, injini huzimika yenyewe.

Kwa hiyo betri haichajiwi kwa waya wa ukutani. Umeme wake wote chanzo chake ni petroli, na sehemu yake hupatikana kwa kuokota nguvu ambayo gari la kawaida hulitupa kama joto la breki. Ndiyo maana haibridi hung'ara zaidi mjini kwenye foleni, simama-ondoka, kuliko kwenye barabara kuu ambako gari linakwenda kwa mwendo mmoja kwa saa nzima. Jambo hili ni muhimu kwa wilaya hizi mbili, kwani Katesh na Mbulu mjini hakuna foleni za Dar es Salaam.

Prius la kwanza liliingia sokoni Japani Desemba 1997. Toleo la pili lilitoka 2003, la tatu 2009, na Aqua likafuata Desemba 2011. Magari mengi yanayolingana na mfuko wa mnunuzi mdogo ni ya toleo la tatu la Prius na Aqua za miaka ya mwanzo, ambazo sasa zimepita miaka kumi tangu zitengenezwe.

KILOMITA NGAPI KWA LITA?

Dalali anayesema Prius linakwenda kilomita 30 kwa lita moja hakulibuni jambo hilo. Kipimo rasmi cha Japani kilichokuwa kikitumika wakati huo kililipa toleo la tatu la Prius kilomita 30.4 kwa lita, na Aqua kilomita 35.4. Lakini hicho ni kipimo cha maabara, gari likiwa jipya. Wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, kwa vipimo vinavyokaribia zaidi uendeshaji wa kila siku, ulilipa Prius hilo hilo wastani wa maili 50 kwa galoni, sawa na kilomita 21 kwa lita. Kwa kulinganisha, Toyota Corolla la injini ya 1.8 la mwaka 2010 lilipewa kilomita kati ya 12 na 13.

Mnunuzi wa Hanang hana budi kupunguza tena. Gari ni kuukuu, betri imechoka kiasi, barabara ina milima, na shehena haikosekani. Kwa hesabu za ukurasa huu imechukuliwa kilomita 18 kwa lita kwa haibridi, kilomita 11 kwa gari la kawaida la injini ya 1.8 au 2.0, na kilomita 15 kwa gari dogo la kawaida la injini ya 1.3. Petroli imehesabiwa Sh 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Msomaji aweke bei ya siku yake. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na katika jedwali lake Mbulu na Hanang kila moja ina mstari wake, kwa kuwa gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini imeongezwa humo. Asitumie bei ya Dar es Salaam inayosomwa redioni.

HESABU YA MSAFIRI WA KILA SIKU

Tuchukue mfanyabiashara anayeendesha kilomita 80 kwa siku, kwenda na kurudi, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 2,000.

Gari la kawaida la 2.0: lita 182, sawa na Sh 546,000 kwa mwezi.
Gari dogo la 1.3: lita 133, sawa na Sh 400,000 kwa mwezi.
Haibridi: lita 111, sawa na Sh 333,000 kwa mwezi.

Akiacha gari la 2.0 na kuchukua haibridi, anaokoa kadiri ya Sh 212,000 kwa mwezi, au Sh milioni 2.5 kwa mwaka. Hilo si jambo dogo. Lakini akiwa anaacha gari dogo la 1.3, akiba yake inashuka hadi kadiri ya Sh 67,000 kwa mwezi, yaani Sh 800,000 kwa mwaka.

Sasa tuchukue mwalimu au mwenye duka anayeendesha kilomita 20 tu kwa siku. Kwa mwezi ni kilomita 500. Akiacha gari la 2.0 anaokoa Sh 53,000 kwa mwezi. Akiacha gari dogo anaokoa chini ya Sh 17,000, ambayo kwa mwaka haizidi Sh 200,000. Fedha hizo zinaweza kumezwa na safari moja ya kwenda Arusha kutafuta fundi.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Husikia kwamba haibridi inaokoa nusu ya mafuta bila kuuliza nusu ya nini. Asiyeunguza mafuta mengi hana mengi ya kuokoa.

BASI BADO NI RAHISI

Wapo pia wanaosafiri kwa basi au Noah na kufikiri kwamba haibridi itawapunguzia nauli. Hao wasikilize hesabu hii kwanza. Desemba 2023 LATRA ilitangaza nauli ya mabasi ya masafa marefu ya daraja la kawaida kuwa Sh 48.47 kwa kilomita kwa abiria kwenye barabara ya lami. Petroli peke yake ya haibridi, kwa makadirio yetu, ni Sh 167 kwa kilomita. Kwa maneno mengine, mtu mmoja ndani ya haibridi yake anatumia zaidi ya mara tatu ya nauli ya kiwango hicho, kabla hajahesabu matairi, oili, bima na bei ya gari lenyewe.

Wakiwa wanne garini, mafuta yanashuka hadi kadiri ya Sh 42 kwa kila mmoja na mizani inaanza kulingana. Familia inayokwenda kazini na shuleni njia moja inaweza kufaidika. Lakini kubeba abiria kwa nauli ni biashara nyingine: kunahitaji leseni ya LATRA na bima ya gari la biashara. Mwenye bima ya gari binafsi akipata ajali akiwa na abiria wa kulipa, anaweza kujikuta anabishana na kampuni ya bima huku majeruhi wanasubiri.

Kwa hiyo haibridi kuukuu haimfai anayetoka kwenye basi kwa sababu ya gharama. Anaweza kuwa na sababu nyingine nzuri, kama vile muda, usalama wa mzigo au mgonjwa nyumbani. Lakini hizo si akiba ya nauli na zisiandikwe kwenye daftari kwa jina hilo.

USHURU WA UCHAKAVU

Gari kuukuu lina bei ndogo Japani, lakini likifika bandarini umri wake hulipiwa. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu, ila inatoza ushuru wa ziada ambao wengi huuita wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka kumi. Aqua la 2012 lilivuka mstari huo wa miaka kumi mwaka 2022.

Mfano ufuatao umetumia viwango vya kawaida vya magari ya abiria ya petroli vilivyozoeleka kwa miaka ya karibuni. Tuseme thamani ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandarini ni Sh 5,000,000. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni Sh 1,250,000, jumla Sh 6,250,000. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000, yaani Sh 312,500, na ule wa uchakavu asilimia 30, yaani Sh 1,875,000. Jumla inafika Sh 8,437,500. Mwisho VAT asilimia 18 ni Sh 1,518,750. Gari la milioni tano sasa ni la Sh 9,956,250, bila tozo ndogo ndogo, wakala wa forodha, usajili, na mafuta ya kulitoa Dar es Salaam hadi Manyara.

Gari la thamani hiyo hiyo lisilofika miaka minane lingegharimu Sh 7,743,750. Tofauti ya Sh 2,212,500 ni uchakavu pamoja na VAT yake. Fedha hizo zinakaribia akiba ya petroli ya mwaka mzima ya yule mfanyabiashara wa kilomita 2,000 kwa mwezi.

Jambo la kukumbuka ni kwamba TRA hailazimiki kukubali bei iliyo kwenye ankara ya muuzaji. Ina kikokotoo chake cha thamani za magari yaliyotumika, na mnunuzi anaweza kukiangalia katika tovuti ya mamlaka hiyo kabla ya kutuma hata senti moja Japani. Aidha, viwango hubadilika kwa bajeti inayosomwa Juni na kuanza kutumika Julai 1. Anayeagiza Aprili na kupokea Julai anaweza kukuta viwango vimebadilika.

Upande wa pili, sera ya kodi inampendelea kidogo mwenye gari lisilonywa mafuta. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, na badala yake ushuru wa mafuta ukapandishwa kwa Sh 40 kwa lita. Mwaka 2023 ikaongezwa Sh 100 nyingine kwa kila lita ya petroli na dizeli. Maana yake ni kwamba kodi ya barabara sasa hulipwa pampuni. Anayeunguza lita 111 analipa kidogo kuliko anayeunguza 182.

BARABARA NDIYO MWAMUZI

Barabara kuu ya Babati hadi Singida inayopita Dareda, Endasak na Katesh ina lami. Kwa mtu ambaye kazi yake iko kwenye mstari huo, haibridi ni gari la kufikirika. Ukiiacha lami na kushika njia za udongo za kwenda Basotu, au za changarawe katika vijiji vya Mbulu na pande za Haydom, mambo yanabadilika.

Prius la toleo la tatu na Aqua yote yana nafasi ya milimita 140 tu, yaani sentimita 14, kati ya ardhi na tumbo la gari. Njia iliyochimbwa na malori ya mavuno huwa na tuta katikati linalozidi kimo hicho. Gari likishakaa juu ya tuta, kinga ya plastiki ya chini hung'oka kwanza, kisha hufuata bomba la moshi. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi wa Basotu, hata magari marefu hukwama. Haibridi yenye matairi membamba haina la kujitetea.

Milima nayo ina hesabu yake. Wauzaji husema mteremko unachaji betri, na ni kweli, lakini betri ni ndogo. Ile ya Prius la toleo la tatu ina uwezo wa kilowati-saa 1.3, na kompyuta ya gari huacha itumike sehemu tu ya uwezo huo ili isichoke haraka, kadiri ya nusu kilowati-saa. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na watu likishuka mita 600, kama inavyotokea kwa anayeteremka kingo za Bonde la Ufa kutoka nyanda za Mbulu, linatoa nguvu ya karibu kilowati-saa 2.5. Betri hujaa mapema na nguvu iliyobaki haina pa kwenda. Dereva anayejua huweka gia ya B ili injini isaidie kulishika gari. Asiyejua hutegemea breki peke yake hadi zitoe harufu. Wakati wa kupanda, betri huisha upesi, na injini ya petroli hubaki peke yake na mzigo wote, pamoja na uzito wa betri yenyewe.

Kwa mchuuzi wa minadani lipo pia suala la shehena. Aqua limekusudiwa watu watano, ambao kwa viwango vya Japani huhesabiwa kilo 55 kila mmoja, jumla kilo 275. Magunia mawili ya kilo 100 na dereva yameshakaribia kikomo, na hapo hakuna lumbesa. Anayebeba vitunguu saumu, maharage au ngano hana shida ya haibridi. Ana shida ya kirikuu au Noah.

BETRI: BARIDI NI RAFIKI, VUMBI NI ADUI

Betri ya Prius la toleo la pili na la tatu ina moduli 28 za nikeli zilizounganishwa kwa mfuatano, jumla volti 201.6. Ile ya Aqua ina moduli 20, jumla volti 144. Kwa kuwa zimefuatana kama punje kwenye uzi, moduli moja ikifa gari zima linalalamika. Kufa kwake hakutokani na kilomita peke yake. Joto ndilo linaloongoza kuzichosha.

Hapa Mbulu na Hanang zina bahati. Hewa ya nyanda za juu ni ya baridi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, na betri huipenda. Lakini bahati hiyo inaharibiwa na vumbi. Betri hupoozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Anayeendesha kiangazi madirisha yakiwa wazi anaingiza vumbi, vumbi linaziba tundu na feni, na betri inachemka hata kama nje kuna baridi. Mizigo au blanketi likiwekwa mbele ya tundu hilo huleta matokeo yale yale. Kusafisha feni hiyo ni kazi ya saa chache, na fundi anaweza kuifanya kila mwaka kabla ya kiangazi. Wengi hawaifanyi kwa sababu hawajui kwamba feni ipo.

Maji ni hatari nyingine. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipiga Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Msiba ule uliwakumbusha wengi kwamba maji ya mlima huu hayabishi hodi. Gari la kawaida lililoingia maji hadi sakafuni linaweza kufufuliwa. Haibridi, ambayo betri yake imekaa chini au nyuma ya kiti cha nyuma, huota kutu kwenye viunganishi na kuanza kusumbua miezi kadhaa baadaye, likiwa mikononi mwa mnunuzi mwingine. Mnunuzi anyanyue zulia na kuchungulia chini ya viti kabla ya kuulizia bei.

KABLA YA KULIPA

Haibridi iliyopo nchini ina faida moja kwa mnunuzi: ushuru umeshalipwa na gari linaonekana. Lakini asidanganywe na herufi ya kibao. Gari namba D au namba E linaonyesha lilisajiliwa lini Tanzania, si lilitengenezwa lini. Umri wa betri unahesabiwa kutoka kiwandani. Namba ya chasisi ndiyo yenye ukweli: inayoanza na NHW20 ni Prius la toleo la pili, ZVW30 ni la tatu, na NHP10 ni Aqua.

Mambo yafuatayo yakaguliwe mbele ya mnunuzi:

1. Gari liwashwe asubuhi likiwa limepoa. Injini ya Prius la toleo la tatu ikitetemeka na kugonga kwa sekunde chache, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja nje, gasketi ya silinda hedi ni ya kutiliwa shaka. Ugonjwa huo unajulikana kwa toleo hilo.

2. Gari lipandishwe mlima mrefu likiwa na watu wanne. Kiashiria cha betri kikishuka kutoka kujaa hadi mwisho kwa dakika chache, kisha kikajaa tena upesi kwenye tambarare, betri imechoka.

3. Mashine ya kusoma hitilafu iunganishwe na isome volti za kila kundi la moduli, si hitilafu peke yake. Muuzaji anaweza kuwa amezifuta hitilafu usiku uliopita, lakini hawezi kuzifuta volti. Kundi moja likiwa chini sana ya mengine gari linapopanda, hilo ndilo lenye ugonjwa. Msimbo P0A80 una maana kwamba gari lenyewe linadai betri ibadilishwe.

4. Breki zisikilizwe gari likiwa limesimama. Pampu inayonguruma kila baada ya sekunde chache bila kukanyagwa inaelekea kuchoka, na kuibadilisha si gharama ndogo.

5. Historia ya marekebisho ya kiwanda iulizwe. Februari 2014 Toyota iliita magari milioni 1.9 ya Prius la toleo la tatu ili kurekebisha programu ya kifaa kinachobadili umeme wa betri. Gari lililoondoka Japani bila marekebisho hayo linaweza kupoteza nguvu njiani.

6. Anayevutwa na Honda Fit la haibridi la 2013 na 2014 ajue kwamba mfumo wake wa gia ni tofauti na wa Toyota, na kwamba gari hilo liliitwa kwa marekebisho mara tano katika mwaka wake wa kwanza, baadhi ya mara hizo kwa sababu ya gia.

Suala la fundi nalo lijibiwe kabla ya kununua. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme unaoweza kuua, na fundi asiyejua kutoa plagi ya usalama na kusubiri umeme uishe asiruhusiwe kugusa. Hata kazi inayoonekana ndogo ina masharti yake: kompresa ya kiyoyozi huendeshwa kwa umeme na inataka oili yake maalumu. Akiwekewa oili ya kawaida, mwenye gari anaweza kununua kompresa nzima. Katika wilaya ambako gari likishindwa hupakiwa kwenye lori hadi Babati au Arusha, gharama ya kubebwa ni sehemu ya bei ya gari.

MFUKO WA BETRI NA BEI YA FEDHA

Njia salama ya kumiliki haibridi kuukuu ni kuichukulia betri kama matairi: kitu kitakachoisha, ila tarehe haijulikani. Kanuni nyepesi ni kuweka pembeni nusu ya akiba ya petroli kila mwezi, katika SACCOS au akaunti isiyoguswa. Mfanyabiashara wetu wa kilomita 2,000 aliyeacha gari la 2.0 ataweka Sh 106,000 kwa mwezi, na kwa miaka miwili atakuwa na zaidi ya Sh milioni 2.5. Nusu inayobaki, kadiri ya Sh milioni 1.27 kwa mwaka, ndiyo faida yake halisi.

Sasa tuseme kwamba baada ya kuuza gari lake la zamani inambidi aongeze Sh milioni 4 ili kupata haibridi. Akiwa na fedha zake mwenyewe, fedha hizo zitarudi kwa miaka mitatu na ushee. Akikopa benki kwa asilimia 16, kiwango kisicho mbali na wastani wa riba za mikopo nchini kwa miaka ya karibuni, riba ya mwaka wa kwanza ni Sh 640,000. Faida inakatwa nusu, na kwa mwendo huo itamchukua zaidi ya miaka sita, muda ambao gari la miaka kumi na mbili litakuwa limefika kumi na minane. Na aliyeacha gari dogo la 1.3 kwa mkopo wa namna hiyo hafaidiki kabisa: nusu ya akiba yake ni Sh 400,000, riba ni Sh 640,000. Kila mwaka anapoteza.

Hata fedha ya mfukoni si ya bure. Milioni nne zilizonunua gari ni milioni nne ambazo hazikununua vitunguu saumu wakati wa mavuno bei ikiwa chini, wala hazikuwekwa kwenye hati fungani. Mfanyabiashara anayejua mtaji wake unazaa kiasi gani kwa msimu aulinganishe na akiba ya petroli kabla ya kuamua.

Mwisho kuna suala la kuuza tena. Gari linaloogopwa na wanunuzi huuzwa polepole. Mwenye IST akipata dharura ana wateja wengi wa kuwauliza. Mwenye haibridi atakutana na swali la betri kwa kila mteja. Atakayekuwa na karatasi ya vipimo vya volti na risiti za kusafisha feni atapata bei nzuri kuliko atakayejibu kwa maneno.

MWELEKEO WA SOKO

Petroli Dar es Salaam ilifika Sh 3,410 kwa lita Agosti 2022, hata baada ya ruzuku ya serikali. Bei za namna hiyo zikirudi, hamu ya haibridi itapanda, na bei za magari hayo zitaipanda pamoja nayo. Gesi asilia ambayo imewapunguzia mzigo baadhi ya madereva vituo vyake viko zaidi Dar es Salaam, kwa hiyo kwa sasa si njia mbadala kwa Manyara.

Kwa hesabu zilizopo, haibridi kuukuu inamfaa mtu wa aina moja: anayeendesha kilomita 1,500 au zaidi kwa mwezi kwenye lami ya Babati, Katesh na Singida, anayeacha gari linalokunywa sana, mwenye fedha zake mwenyewe, na aliyempata fundi kabla ya kulipata gari. Mwenye gari dogo alibakize. Mwenye safari za Basotu na Haydom atafute gari lililonyanyuka. Na anayepanda basi aendelee kupanda basi, mtaji wake ubaki kwenye magunia.

Kwa ambaye bado anasita, kipimo rahisi hakihitaji dalali. Ajaze tangi la gari alilo nalo hadi juu, aandike kilomita, aendeshe mwezi mzima kama kawaida, kisha ahesabu lita alizotia. Azidishe kwa bei ya EWURA ya wilaya yake. Nambari atakayoipata ndiyo mwanzo wa mazungumzo yoyote ya kununua haibridi.